Hasira Zangu Zilikuwa na Saa Zake

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa pili, joto la mwisho wa kaskazi limetanda na upepo umekatika. Karakana yangu iko Langoni, Lamu, katika kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma. Nilikuwa nimeinamia ubao wa mbambakofi, natia nakshi, nikamwomba kijana wangu wa kazi patasi ya nusu inchi. Akanipa ya robo. Hilo tu. Nikamrushia nyundo.

Nyundo ilipita karibu na sikio lake la kushoto, ikapiga mfaa niliokuwa nimeumaliza siku mbili kabla. Mfaa ndio ule ubao wa kati wa mlango wetu wa Kiswahili, wenye nakshi nzito, na huo ulinichukua wiki tatu. Ufa ukapita katikati ya waridi. Kijana hakusema neno. Aliiweka ile patasi mezani taratibu, makali yakielekea ukutani kama nilivyomfundisha, akavaa ndara zake, akaondoka. Alikuwa na miaka 17.

Jioni nilikwenda kwao kuomba radhi. Mamake alinipokea pale dakani, hakunikaribisha ndani. Akaniambia, "Fundi, mimi nilikupa mwanangu umfundishe kazi. Sikukupa ubao." Nilirudi nyumbani bila jibu, na mpaka leo sina.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Ziko nyumba hapa mjini ambazo watoto wakisikia kikohozi cha baba mlangoni hunyamaza wote. Na kila ukiuliza unaambiwa: huyo ndivyo alivyo, ni hasira za ukoo, amepatwa na kijicho, ana jini. Mimi pia niliambiwa. Baba yangu alikuwa mkali, babu yangu alikuwa mkali zaidi, kwa hiyo nilikua nikiamini hasira ni urithi kama nyumba na shamba la minazi. Nilipelekwa kusomewa, na sijuti. Kule kukaa kimya saa nzima nasikiliza Qurani kulinituliza kuliko kitu chochote nilichokuwa nimefanya mwaka ule. Lakini baada ya siku tatu nilikuwa nimerudi pale pale.

Aliyenifungua macho wa kwanza ni mke wangu, wala hakukusudia. Alisema, "Mimi nimeolewa na watu wawili. Wa asubuhi namjua. Wa alasiri simjui."

Nilipokwenda kupima presha, daktari aliyenipima aliniuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Unalala saa ngapi? Unaamka saa ngapi? Unakula chakula cha kwanza saa ngapi? Unatafuna miraa? Umewahi kuumia kichwa? Nikamjibu yote, kisha nikamwuliza hayo yanahusiana vipi na presha. Akanipa kazi: nunua daftari la shule, na kila utakapogombana na mtu, andika mambo matano. Saa. Usiku uliopita ulilala kiasi gani. Ulikula nini mara ya mwisho, na lini. Umetafuna, umevuta au umekunywa nini. Na nani alikuwepo. Usiandike nani alikosa.

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Siku za mwanzo niliandika "amenijibu vibaya", "hajanirudishia chenji", nikafuta. Nilikaza siku 40. Zilipokwisha nilihesabu magomvi 23, makubwa na madogo, na 19 kati ya hayo yalitokea baina ya saa nane na saa kumi na moja jioni. Watu walibadilika: mke, kijana wa kazi, mwuza maji, ndugu yangu kwenye simu. Saa haikubadilika.

Nikaanza kuitazama hiyo saa. Siku zile nilikuwa na oda tatu za milango, moja ya nyumba ya wageni kule Shela, na nilikuwa nafanya kazi usiku mpaka saa saba, saa nane. Adhana ya alfajiri inanikuta nimelala kwa saa tatu tu. Nikitoka msikitini nakunywa kahawa tungu vikombe viwili, naanza kazi. Saa nne kikombe kingine. Saa sita nanunua muguka, majani ya kutafuna, jamaa ya miraa. Chakula cha kweli ni cha usiku. Ukiyapanga hivyo kwenye karatasi yanaonekana wazi kama nakshi, lakini nilikuwa nimeyaishi miaka minne bila kuyaona.

Binti yangu anasomea uuguzi, naye ndiye aliyenifafanulia yanayotokea ndani ya kichwa. Ndani kabisa ya ubongo kuna viini viwili vidogo vyenye umbo la lozi, vinaitwa amigdala. Kazi yake ni kupiga kelele: hatari! Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kusema: ngoja kwanza, hiyo si hatari, ni patasi ya robo inchi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwakesha vijana wazima wa afya, kisha wakawaonyesha picha za kuchukiza huku wakiupima ubongo. Amigdala za waliokesha ziliitika kwa nguvu zaidi kwa asilimia 60 kuliko za waliolala, na mawasiliano yake na ile sehemu ya mbele yalilegea. Usiku mmoja tu. Mimi nilikuwa sikeshi usiku mmoja, nilikuwa najipunguzia usingizi kila siku na kuamini mwili umezoea. Mwili hauzoei. Unachozoea ni wewe kutojiona.

Kahawa nayo ina hesabu yake. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini. Kikombe cha baada ya alasiri, nusu yake bado iko kwenye damu saa tatu au nne usiku. Mimi napenda kahawa ya barazani, siwezi kumwambia mtu wa Lamu aache kahawa, lakini kikombe changu cha mwisho sasa ni cha kabla ya adhuhuri. Na joto: mwili unahitaji kupoa kidogo ndipo usingizi uingie. Nyumba zetu za zamani za mawe zina kuta nene na darini kunaingia upepo. Tuliojenga vyumba vya mabati tumejifungia ndani ya tanuri, kisha tunashangaa mbona mwezi wa Februari na Machi kila mtu ana maneno. Tandika mkeka nje, lala na hewa. Wazee wetu walilala juu na hawakuwa washamba.

Sasa niseme juu ya muguka na miraa, na hapa sitapita haraka.

Miraa inatoka Meru, muguka unatoka Embu. Inasafiri usiku kucha mpaka Mokowe, inavuka kwa boti, na sababu ya haraka yote hiyo ni kwamba dawa iliyomo kwenye jani, katinoni, inapungua nguvu jani likinyauka, na katika muda wa siku mbili hivi imeisha nyingi. Katinoni ni jamaa ya dawa za kuchangamsha za aina ya amfetamini. Ukitafuna, ubongo unamwaga dopamini na noradrenalini, kemikali zake za kuchangamsha, moyo unakwenda mbio, presha inapanda, njaa inakatika, usingizi unaruka. Ndiyo handasi hiyo. Unajiona una akili, una maneno, kazi inakwenda. Sikatai, nimechonga milango mizuri nikiwa na handasi.

Lakini handasi ina kushuka kwake. Yule aliyetafuna mpaka usiku hapati usingizi, na asubuhi anaamka mzito, uso umemvimba, kila sauti inamchoma. Arosto. Daftari langu lilinionyesha kwamba hasira zangu mbaya hazikuwa wakati natafuna. Zilikuwa kabla sijatafuna, nikimngoja mwuzaji aliyechelewa kwa sababu gari limekwama njiani, au siku ya pili yake. Nyundo niliirusha siku ambayo muguka haukufika.

Mnakumbuka Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka, na mahakama ikasimamisha amri zile. Mjini Malindi na huku kwetu watu walibishana mpaka wakachoka: wengine wakitetea riziki ya wakulima na wauzaji, wengine wakililia vijana wao. Mimi msimamo wangu ni huu: mkulima wa Embu si adui yangu, lakini kijana wa miaka 15 anayenunua kifuko kwa sarafu za mkate amedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni kila mtu mzima anayepita pale maskani bila kusema neno. Sehemu ile ya mbele ya ubongo inaendelea kukomaa mpaka miaka 20 na kitu. Huyo kijana hana hata breki kamili, nasi tunamwongezea mwendo.

Namna nilivyoacha: sikuacha siku moja. Nilianza kwa kutotafuna baada ya saa kumi, nikakaa hivyo wiki mbili. Kisha siku moja ndiyo, moja hapana. Kisha nikaacha kupita ule mtaa. Wiki ya kwanza bila chochote nilimwambia mke wangu na kijana wa kazi, ambaye kwa rehema zake alikuwa amerudi: wiki hii msinitegemee kwa jambo la maana, na mkiniona nimekaza meno niacheni. Kusema mapema kulisaidia kuliko nilivyodhani. Ukiona huwezi peke yako, au kama unachotumia ni unga, usione haya kwenda hospitali. Hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni kwa walioshikwa na heroini, na nawajua watu waliorudi kuwa baba za watoto wao kupitia pale.

Pombe nitaisema kwa sentensi chache tu, maana kila mtu anaijua. Katika vitu vyote vilivyopimwa hakuna kinachofungamana na kupigana kama hicho. Inailaza ile sehemu ya mbele ya ubongo inayosema ngoja kwanza. Anayesema "pombe hunituliza" awaulize waliokuwepo.

Njaa ni jambo jingine, na kwa hili nina kisa cha mjomba wangu. Ni mzee, ana kisukari, anadungwa sindano ya insulini. Asubuhi moja alimtupia bintiye bakuli la uji, akamwita mwizi, akataka kumpiga kwa mkongojo. Mzee ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti. Jirani walishaanza kusema uzee umemharibu akili. Bintiye akaona shati limelowa jasho wakati asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kusi, na mikono inatetemeka. Akampima sukari: 2.6. Chini ya 3.9 sukari imeshuka. Alikuwa amedungwa sindano na hakula. Tukamkorogea vijiko vinne vya sukari kwenye maji, akanywa kwa kubembelezwa, tukangoja. Haikupita robo saa, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Mbona mmejaa hapa? Kuna msiba?"

Kama una mgonjwa wa kisukari nyumbani, shika hilo: ukali wa ghafla, jasho, mtetemeko, maneno yasiyoeleweka, mpime au mpe kitu chenye sukari kwanza, umgombeze baadaye kama bado kuna haja. Lakini akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimtilie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Sisi ambao hatuna kisukari sukari haishuki kiasi hicho, ila mwili ukikaa bila chakula unatoa adrenalini na kortisoli ili kuipandisha, na hizo ndizo homoni za kukimbia au kupigana. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2014, jozi 107 za mume na mke walipewa kila mmoja kidoli kinachomwakilisha mwenzake, wakaambiwa kila usiku kwa siku 21 wachome pini kwa kadiri walivyokasirika, peke yao, bila kuonwa. Waliokuwa na sukari ya chini usiku huo walichoma pini nyingi zaidi. Nilipomsomea mke wangu alinyamaza kidogo, akasema, "Wewe ungenichoma saa tisa."

Na Ramadhani? Kila mwaka tunaona jioni pale sokoni, watu wamefunga na wanatukanana juu ya bei ya tambi na maembe. Tunaisingizia saumu. Wengi wao hawana njaa ya chakula, wana kiu ya sigara na kahawa. Nikotini ikikatika, kuudhika kunaanza baada ya saa chache tu, kunafikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kunahitaji wiki tatu au nne kutulia. Anayevuta usiku kucha na kufunga mchana anajirudisha mwanzo kila siku kwa mwezi mzima. Ukitaka Ramadhani ya utulivu, punguza tangu Shaabani, kahawa kwa sigara, kidogo kidogo. Na daku usiiache. Wanaofunga na wakapata daku na usingizi wa mchana kidogo hawagombani sokoni, watazameni.

Nirudi kwenye urithi, maana hilo ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Ni kweli kuna kitu cha damu. Mwaka 1993 nchini Uholanzi ilipatikana familia moja ambayo wanaume wake kadhaa walikuwa na milipuko ya ukali, na wote walikuwa na kasoro kwenye jeni moja inayoitwa MAOA. Jeni hiyo kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachosafisha kemikali za ubongo, serotonini, dopamini na noradrenalini, zikishatumika. Kasoro kama ile ni adimu sana. Lakini jeni hiyo ina aina yake dhaifu ambayo watu wengi wanayo, na mwaka 2002 watafiti waliofuatilia watoto wa mji wa Dunedin, New Zealand, tangu kuzaliwa walitoa jambo lililonikalisha kitako. Wavulana wenye aina ile dhaifu waliopigwa na kuteswa utotoni walikuwa wakali zaidi ukubwani. Wenye aina ile ile waliolelewa kwa upole hawakuwa hivyo.

Nikamfikiria babu yangu. Alimpiga baba kwa ukambaa wa kufungia mashua. Baba alinipiga kwa mkanda. Nilichorithi sijui ni jeni au ni mkanda, lakini najua ni kipi kati ya hivyo viwili ninachoweza kukikata.

Na wale wanaosema "ni homoni za kiume, mwanaume lazima awe mkali": testosteroni haifanyi kazi kama petroli. Inapanda na kushuka kwa kufuata maisha. Utafiti wa Ufilipino wa mwaka 2011 uliwapima wanaume kabla na baada ya kupata watoto, na waliokuja kuwa baba ilishuka, hasa wale waliowatunza watoto wao kwa saa nyingi kila siku. Mwili wa mwanaume umeumbwa na uwezo wa kupoa. Mbebe mtoto.

Kuhusu chakula cha watoto, kisiwa kimoja cha bahari yetu hii hii, Morisi, kimefundisha ulimwengu. Miaka ya 1970 watoto 100 wa miaka mitatu hadi mitano walipewa kwa miaka miwili chakula bora, mazoezi, matembezi na masomo ya kuchezea, na wengine wakaendelea na maisha ya kawaida. Walipofikia miaka 23, wale waliotunzwa walikuwa na uhalifu mdogo, na waliofaidika zaidi ni waliokuwa na dalili za utapiamlo mwanzoni. Uingereza nako, matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalihusu vijana 231 wa gereza moja: waliopewa vitamini, madini na mafuta yenye asidi muhimu walipunguza makosa gerezani kwa kama asilimia 26. Mafuta hayo yamo kwenye vibua, dagaa na jodari. Tunaishi Lamu. Mashua zinashusha samaki mbele ya macho yetu, wazuri wanakwenda mahotelini, na mtoto anakwenda madrasa na andazi na chai ya rangi, jioni chipsi. Kibua si samaki wa dhiki. Mpikie mtoto mchuzi wa kibua mara mbili tatu kwa wiki, na kunde, na mchicha.

Mambo mawili ya kazi yangu niyaseme upesi. Milango ya zamani imepakwa rangi za mafuta tabaka juu ya tabaka, na rangi za zamani nyingi zina risasi, ile madini. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, akili na utulivu wake, na hairudi. Waliofuatilia kesi ya Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, ambayo Phyllis Omido aliipigania mpaka akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, wanajua ilivyowafanya watoto wa pale. Fundi, usikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu, ilowanishe. Usipige msasa watoto wakicheza karibu, na usiingie ndani na nguo za kazi.

La pili ni kichwa. Mpwa wangu alianguka na bodaboda upande wa Mokowe, bila helmeti. Jeraha lilipona kwa mwezi. Kilichobaki ni kwamba hacheki, analipuka kwa neno moja, na mchumba wake amemkimbia. Mwaka 1848 mfanyakazi wa reli wa Marekani, Phineas Gage, alipitiwa na chuma kilichoingia shavuni kikatokea utosini. Aliishi miaka mingine 11, lakini wenzake walisema huyu si yule waliyemjua: mwenye matusi, asiyeshikika. Chuma kilikuwa kimepita kwenye ile sehemu ya mbele. Kwa hiyo mtu akibadilika tabia baada ya kuumia kichwa, au akabadilika ghafla bila sababu, akiwa na maumivu ya kichwa yasiyokoma, au kifafa, au kukonda na moyo kwenda mbio, msimwite mwenye laana. Apimwe. Inaweza kuwa ubongo, inaweza kuwa tezi ya shingoni. Na wanaume wengi wenye sonona hawalii, wanafoka.

Sasa niseme jambo ambalo nusura nisilione, na nimelipata kwenye daftari lile lile, ukurasa wa siku ya 31.

Siku ile nilikuwa nimelala kwa saa tatu tu. Sikuwa nimekula. Muguka hakuna. Saa tisa na nusu akaja mteja, mtu mwenye pesa, akasema nakshi yangu ni ya ovyo, akakata bei mbele ya watu. Usingizi ule ule, njaa ile ile, arosto ile ile, na tusi kubwa kuliko patasi yoyote. Nikatabasamu. Nikamwambia, "Hapana neno, bwana, tutarekebisha." Saa moja baadaye nilimfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi.

Nilipouona ukurasa ule niliona aibu iliyonikausha koo. Maana yake breki zilikuwepo. Zilikuwa dhaifu, zimelegezwa na usingizi na majani, lakini zilikuwepo, na nilizikanyaga kwa mwenye pesa nikaziachia kwa wasio na la kunifanya. Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma haya na kufurahi kwamba sasa una la kumwambia mkeo, "si mimi, ni kortisoli", rudi kwenye safu ya tano ya daftari: nani alikuwepo? Kama magomvi yako yote ni na wadogo zako na wanaokutegemea, tatizo lako halitaishia kwenye usingizi. Lala, kula, acha kutafuna, kisha ukae na mtu mzima unayemheshimu umwambie ukweli wote.

Na wewe dada, mama, mwanangu unayepigwa: usikae ukimhesabia saa zake za kulala. Kazi ya daftari ni yake. Yako ni usalama wako na wa watoto. Simu 1195 ni ya bure kwa waliodhulumiwa majumbani, na 116 ni ya watoto. Nenda kwa mtu wako, nenda kwa jirani, toka usiku huo huo ukiona hali inachafuka.

Mimi sasa nafunga karakana saa mbili usiku, oda iwe imekwisha au haijakwisha. Mteja wa Shela nilimwambia mlango utachelewa mwezi mmoja, akakubali, na mimi nilikuwa nimejiua miaka minne kwa kuogopa kumwambia. Nikihisi taya zinakaza naweka chini chochote chenye uzito kilichomo mkononi, nakaa kitako, au natoka kwenda kutia udhu kwa maji ya baridi, kama tulivyofundishwa chuoni tukiwa wadogo tukayachukua kuwa ni mambo ya thawabu tu. Daftari ninalo bado. Mwezi uliopita liliandikwa mara mbili.

Mfaa uliopasuka nimeutundika ndani, juu ya meza ya kazi. Na saa saba ikifika, yule kijana, ambaye sasa anachonga waridi kuliko mimi, huegemeza ubao wake ukutani na kuniuliza, "Ami, ushakula?" Kama bado, naweka patasi chini, tunakwenda.